Meneja huanza kuondoka kwa moyo

Ijumaa ya leo tumeona vyema tulizungumze jambo ambalo aghalabu huzungumzwa barazani baada ya swala ya Alasiri, nalo huhukumiwa kabla kahawa haijapoa. Jambo lenyewe ni hili: kwa nini meneja mkuu, mtu aliyepewa ofisi, gari na heshima, huiacha kampuni aliyoitumikia kwa miaka mingi akaenda kufanya kazi kwingine?

Hukumu ya barazani huwa ni neno moja tu: fedha. "Ameongezwa mshahara huyo," husema mmoja, na wengine huitikia kwa vichwa. Mwenye kampuni naye huishika hukumu hiyo kwa mikono miwili, kwani inamtoa lawamani. Ikiwa aliyeondoka ameondoka kwa tamaa, basi aliyebaki hana la kujiuliza. Huajiri mwingine, humpa ofisi ile ile na desturi zile zile, na baada ya miaka michache huyo naye huaga.

Sisi hatukubaliani na hukumu hiyo. Hatusemi kwamba fedha si kitu. Mwenye watoto wa kusomesha na wazazi wa kutunza anaijua thamani yake. Tunasema kwamba mshahara mpya aghalabu ni hatua ya mwisho ya safari iliyoanza zamani. Meneja huanza kuondoka kwa moyo, kisha huondoka kwa ulimi, yaani hunyamaza mikutanoni, na miguu hufuata mwishoni kabisa. Mwenye kampuni asiyeona ila miguu huwa amekwisha kuchelewa.

Na jambo hili lazihusu familia zetu kwa pande mbili. Zipo familia ambazo baba au mama ni meneja katika kampuni ya watu wengine, na siku anapoamua kuhama, nyumba nzima huhama pamoja naye: watoto hubadilishwa shule, deni la nyumba hutazamwa upya, mke au mume hujiuliza kama kazi yake itasalimika. Zipo pia familia zenye mali, zenye maduka ya jumla, mabasi, viwanda vidogo, shule na zahanati, ambazo zimemwajiri mtu asiyekuwa wa damu yao ili awaendeshee shughuli. Pande zote mbili zina haki, na pande zote mbili hukosea.

Ili tusiseme kwa kubahatisha, tutazame kwanza mfano mmoja ambao habari zake zimeandikwa kwa kina na ambao mwisho wake umekwisha kujulikana. Ni mfano wa mbali, wa huko California nchini Marekani, lakini msomaji atajionea mwenyewe kama mambo yake yanafanana au hayafanani na ya kwetu.

Mwaka 1956 mwanasayansi William Shockley, ambaye mwaka huo huo alishiriki Tuzo ya Nobeli ya fizikia kwa uvumbuzi wa transista, alianzisha maabara katika mji wa Mountain View. Mtaji ulitoka katika kampuni ya tajiri aitwaye Arnold Beckman. Shockley alikuwa na jicho la kuwatambua vijana wenye akili, naye aliwakusanya kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Lakini kuwatambua watu ni jambo moja na kuishi nao ni jambo jingine. Aliwashuku waliokuwa chini yake. Ilipotokea ajali ndogo kazini, aliiona kuwa ni hila, akataka wafanyakazi wapimwe kwa mashine ya kupimia uongo. Alibadilisha mipango ya kazi bila ya kuwasikiliza walioifanya.

Vijana hao hawakukimbia mara moja. Mwaka 1957 walimwendea Beckman mwenyewe, wakamweleza hali ilivyo na kumwomba atafute mtu mwingine wa kusimamia shughuli za kila siku. Beckman alisitasita, kisha akaamua kumbakiza Shockley katika uongozi. Hapo ndipo wanane kati yao walipoondoka, mwezi Septemba mwaka huo. Miongoni mwao walikuwamo Robert Noyce na Gordon Moore. Tuzingatie mpangilio wa mambo: walianza kwa kusema, wakaishia kwa kuondoka. Laiti kauli yao ingepata masikio, huenda kuondoka kusingalikuwapo.

Wanane hao walipata mtaji kutoka kampuni ya Fairchild iliyokuwa mashariki ya Marekani, wakaanzisha kampuni tanzu ya kutengeneza transista za silikoni. Ilistawi upesi. Mwaka 1959 kampuni mama ilitumia haki yake ya kuwanunua, na kila mmoja wao akapata takribani dola 250,000. Ni fedha nyingi hata leo, na kwa wakati ule zilikuwa utajiri. Lau fedha pekee ndiyo kamba inayomfunga mtu, hao wangefungika. Lakini kuanzia siku ile hawakuwa tena wenye mali. Walikuwa waajiriwa wa watu walio mbali. Mwaka 1961 wanne kati ya wale wanane waliondoka wakaanzisha shughuli nyingine.

Waliobaki waliiendesha kampuni tanzu kama meli iendayo kwa upepo mwema, na faida yake ikapelekwa mashariki, ambako maamuzi yalifanyika bila wao. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, nasi twaongeza kwamba mara nyingine hupiga mchungaji. Wahandisi na mameneja waliposhuhudia kampuni nyingine zikiwapa watu wake hisa ili wawe washirika katika wanachokijenga, makao makuu yao yalisita kufanya hivyo kwa upana. Mwaka 1967 Charles Sporck, aliyekuwa meneja mkuu wa tawi hilo la silikoni, alikubali kwenda kuongoza kampuni ndogo yenye matatizo, National Semiconductor, na baadhi ya wenzake wakamfuata.

Yakafuata ya Noyce. Kati ya mwaka 1967 na 1968 uongozi wa juu wa kampuni mama uliyumba, wakuu wakabadilishwa. Noyce ndiye aliyekuwa amekijenga kile kilichokuwa kikiwaletea wote faida, na wengi walimtarajia apewe usukani. Bodi ilimruka, ikatafuta mtu wa nje. Mwezi Julai 1968 Noyce na Moore walianzisha kampuni yao, Intel, ambayo jina lake limebandikwa katika kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu. Noyce hakuficha kwamba alikuwa amechoshwa na ukubwa wa kampuni aliyokuwamo, na kwamba alitamani kurudi katika kazi ya kuunda kitu kipya.

Fairchild ilifanya nini? Ilimwendea Lester Hogan wa kampuni ya Motorola, ikampa mshahara wa dola 120,000 kwa mwaka, ambao ulishangaza watu wa wakati huo, pamoja na hisa za kutosha. Wakuu wengine wa Motorola wakafuatana naye, na Motorola ikaenda mahakamani, lakini mwaka 1973 ikashindwa kesi. Hapa pana somo chungu. Bodi iliyosita kuwagawia hisa watu wake iliufungua mkono wake kwa mgeni. Kile walichonyimwa wa nyumbani kilipatikana siku moja kwa wa nje. Sisi twasema mcheza kwao hutunzwa. Huko mcheza kwao alitazamwa tu, akatunzwa wa ngoma ya jirani.

Mwisho wake ulikuwaje? Fairchild iliuzwa mwaka 1979 kwa kampuni ya Schlumberger. Mwaka 1987 tawi lile la silikoni likauzwa tena, na mnunuzi alikuwa National Semiconductor, iliyokuwa bado ikiongozwa na Charles Sporck. Meneja aliyeachwa aondoke alirudi baada ya miaka 20, akainunua nyumba aliyotoka.

Tukiyatafakari hayo, tunaona sababu ambazo si za California peke yake.

Ya kwanza ni kunyimwa fungu. Meneja anapoona kampuni imekua mara tatu mkononi mwake, naye hana ila mshahara na shukrani za mdomo siku ya Iddi, hujiuliza yeye ni nani katika mali hiyo. Sote tunaijua ile hadithi mashuhuri ya jasho la mfanyakazi, na wengi wetu twaitumia kwa vibarua wa siku. Tumesahau kwamba meneja naye hutoka jasho, ila lake halionekani shatini. Sheria yetu ya dini inautambua ushirika ambao mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi, nao hugawana faida kwa kiasi walichokubaliana tangu mwanzo. Wafanyabiashara wa pwani yetu na wa Bara Arabu waliuishi utaratibu huo kwa karne nyingi kabla Wamarekani hawajaanza kugawa hisa. Kwa hiyo tajiri wa Kiislamu anayeona ajabu kumpa meneja wake sehemu ya faida amesahau urithi wake mwenyewe.

Ya pili ni kurukwa. Hili ndilo linaloziuma zaidi familia zetu zenye mali, nasi hatutalipamba. Mzee huajiri meneja, humwachia ghala, mahesabu na wateja, humsifu mbele ya wageni kuwa ni kama mwanawe. Kijana wa mzee humaliza masomo, hurudi nyumbani, na mwezi unaofuata hukalishwa juu ya yule aliyefanya kazi kwa miaka 15. Siku ya kwanza meneja humfundisha kijana. Siku ya pili kijana humwamrisha meneja. Siku ya tatu meneja huanza kuuliza habari za kazi kwingine. Mzee hushangaa: "Tulimkosea nini?"

Ndugu zetu, mirathi hurithisha mali, hairithishi ujuzi. Mwenyezi Mungu ameyagawa mafungu ya warithi kwa uadilifu, na mtoto ana haki ya fungu lake. Lakini kiti cha umeneja hakimo katika mafungu hayo. Kijana anaweza kuwa mwenye hisa tangu siku ya kwanza na bado akaanza kazi ghalani, chini ya meneja, ajifunze kupokea mzigo na kuhesabu magunia. Hilo halimvunjii heshima. Linamjengea heshima ambayo hakuna hati ya mirathi inayoweza kumpa.

Ya tatu ni cheo bila madaraka. Kuna meneja mkuu ambaye hawezi kununua kiti cha ofisi bila ya kuuliza kwa simu, wala hawezi kumwonya dereva kwa kuwa dereva ni mpwa wa tajiri. Wafanyakazi wakishatambua kwamba neno la meneja hupinduliwa jioni nyumbani kwa mwenye mali, hawamwendei tena meneja, huenda jioni. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na anayelaumiwa kwa kuzama ni yule aliyeandikwa jina. Katika kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) tunaona jinsi alivyoomba kukabidhiwa hazina za nchi kwa kueleza sifa zake za kuhifadhi na za ujuzi, na jinsi mfalme alivyompa nafasi ya kweli na uaminifu wa kweli. Hakupewa ufunguo huku kufuli likiwa mikononi mwa mwingine.

Ya nne ni kutosikilizwa. Mchumi Albert Hirschman alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika ndani ya taasisi ana njia mbili kubwa mbele yake: kusema au kuondoka, na uaminifu wake ndio unaomfanya avumilie kusema kabla ya kuondoka. Basi meneja anayekuja na malalamiko asichukuliwe kuwa ni adui. Huyo bado yupo. Wa kuhofiwa ni yule aliyekuwa akibishana mikutanoni na sasa anakubali kila kitu. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Je, mshahara una nafasi gani katika haya? Mwaka 1959 mtaalamu Frederick Herzberg na wenzake walitoa utafiti walioufanya kwa wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh, Marekani. Waliona kwamba mambo yanayomkera mtu kazini si yale yale yanayompa furaha ya kazi. Mshahara mdogo, usimamizi mbaya na taratibu za hovyo hukera. Lakini furaha hutokana na kufanikisha jambo, kutambuliwa, kupewa dhamana na kupanda. Utafiti huo umejadiliwa na kupingwa na baadhi ya wataalamu waliokuja baadaye, lakini yeyote aliyewahi kuongoza watu ataona ndani yake harufu ya ukweli. Nyongeza ya mshahara hunyamazisha maudhi kwa muda. Haimrudishii mtu moyo uliokwisha kutoka.

Kuna sababu ya tano ambayo msomaji wa ukurasa huu hawezi kuipita, nayo ni dhamiri. Imamu Ghazali aliteuliwa na waziri Nizam al-Mulk mwaka 1091 kuwa mkuu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, cheo kikubwa kabisa cha elimu katika zama zake. Kwa kipimo chochote cha dunia alikuwa amefika. Lakini ameeleza mwenyewe katika kitabu chake Al-Munqidh min al-Dalal jinsi alivyoitazama nia yake akaiona imechanganyika na kutafuta jaha, akavutwa huku na huku kwa takribani miezi sita, hadi ulimi ukakataa kufundisha. Mwaka 1095 aliondoka. Hakukuwa na mshahara mkubwa zaidi uliomngoja huko Sham.

Katika kisa hicho tunapenda akina baba walitazame jambo moja ambalo husahauliwa. Imamu hakuyatupa yote. Aliitawanya mali yake, akabakiza ya kuwatosha watoto wake. Dhamiri yake haikuwa kisingizio cha kuiacha familia na njaa.

Katika zama zetu, milango ya dhamiri imefunguka kwa namna nyingine. Benki zinazofuata sharia zilianza kazi Kenya mwaka 2008, nazo ni Gulf African Bank na First Community Bank, na Tanzania ikapata Amana Bank mwaka 2011. Benki haziendeshwi kwa dua peke yake. Zilihitaji watu wenye uzoefu, na uzoefu wa benki katika nchi zetu ulikuwa katika benki za kawaida. Kwa Mwislamu aliyekuwa akisumbuliwa na suala la riba, hatimaye palikuwa na mahali pa kuhamia bila ya kuutupa ujuzi wake. Mwajiri wa namna hiyo atambue kuwa mtu anaweza kumwacha bila ya kumchukia, na asimfanye adui.

Wala kuhama kwa wakuu baina ya kampuni zinazoshindana si aibu kwa asili yake. Mwaka 2018, Dk. Charles Kimei alipoondoka baada ya kuiongoza CRDB ya Tanzania kwa takribani miaka 20, nafasi yake ilichukuliwa na Abdulmajid Nsekela aliyetoka NMB, mshindani mkubwa wa benki hiyo. Soko liliendelea, na benki zote mbili hazikuanguka. Taasisi iliyojengwa vizuri huhuzunika meneja anapoaga, lakini haifi.

Baada ya kuwakumbusha wenye mali, sasa tuwageukie wanaoondoka, kwani nao tunawajua. Wapo wanaoondoka kwa tamaa tu. Wapo wanaotumia barua ya kazi mpya kama fimbo ya kumtisha mwajiri, leo hapa na mwakani pale, hadi hakuna anayewaamini. Wapo wanaoondoka na orodha ya wateja katika kompyuta yao, au wanaoshawishi nusu ya ofisi iwafuate wakati bado wanapokea mshahara wa mwajiri wa zamani. Kazi ni amana. Ukihama, ujuzi wako ni wako, kwa kuwa umo kichwani na mikononi mwako. Lakini siri za biashara, hati na bei ulizokabidhiwa ni za mwenyewe.

Katika Sura ya Al-Qasas tunasimuliwa habari za Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan akiwa mkimbizi asiye na kitu. Binti wa mzee mmoja alimshauri babaye amwajiri, akataja sifa mbili: nguvu na uaminifu. Kisha wakapatana muda ulio wazi, miaka minane, na kumi ikiwa atapenda mwenyewe. Na imepokewa kwamba alitimiza ule mrefu zaidi. Katika kisa hicho mna kanuni nzima ya ajira: sifa zinajulikana, malipo yanajulikana, muda unajulikana, na mfanyakazi hutoka kwa uso mkunjufu, si kwa kuruka ukuta.

Sheria za nchi zetu nazo zina kiwango chake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 zinataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28. Mikataba ya mameneja wakuu mara nyingi huweka muda mrefu zaidi, na aliyetia saini amefungika na alichokitia saini. Siku hizo si za kukaa ofisini ukisoma magazeti. Ni siku za kukabidhi: mahesabu yafungwe, funguo zihesabiwe, mrithi aonyeshwe wateja, na ahadi zilizotolewa kwa watu ziandikwe.

Na kabla ya barua kuandikwa, pana shura ya nyumbani. Twasikitika kusema kwamba waume wengi huwaarifu wake zao baada ya kutia saini, kana kwamba anayehama ni mmoja. Mke ana haki ya kuuliza: mji huo mpya una shule gani kwa watoto? Kiinua mgongo na akiba ya uzeeni itakuwaje? Kampuni hiyo mpya ina umri gani, na inamilikiwa na nani? Unaondoka kwa sababu umeumizwa, au kwa sababu umesifiwa? Na akina mama walio mameneja, ambao idadi yao inaongezeka alhamdulillahi, nao wakae na waume zao kwa maswali hayo hayo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kisha mtu aswali Istikhara, na aiendee akiwa tayari kupokea jibu, si akiwa amekwisha kufunga mizigo.

Kwa wenye kampuni, ushauri wetu ni mfupi. Keti na meneja wako angalau mara moja kwa mwaka, mbali na mahesabu ya mauzo, umuulize maswali matatu: Nini kinakuzuia kufanya kazi yako? Unajiona wapi katika kampuni hii baada ya miaka mitano? Je, kuna ahadi tuliyokupa hatujaitimiza? La tatu ndilo zito, kwa sababu ahadi za mdomo husahauliwa na aliyezitoa, na aliyepewa huzikumbuka kila usiku. Yaandike mliyokubaliana, kwani Qur'ani yenyewe imetuamrisha kuandika deni, na ahadi ni deni. Na ikiwa umeamua kwamba usukani utabaki kwa watoto wako, mwambie meneja mapema, umpe fungu la kumridhisha, umwache achague akiwa anajua. Mtu huvumilia ukweli mchungu kuliko matumaini ya uongo.

Na siku atakapoaga, usimfungie mlango kwa matusi wala usimzuilie stahili zake ili umkomoe. Mlipe haki yake yote, mwandikie barua ya ushuhuda kwa kadiri alivyofanya, umwage mbele ya wafanyakazi. Wale wanaobaki wanatazama. Namna unavyomtendea anayeondoka ndiyo ahadi pekee ambayo waliobaki wanaiamini. Zaidi ya hayo, dunia ni duara: Sporck aliondoka mlangoni, akarudi akiwa mnunuzi.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wenye mali wetu macho ya kuwaona wanaowatumikia kabla hawajaondoka, awape mameneja wetu uaminifu wakiwapo na adabu wakitoka, na azijaalie nyumba zetu riziki za halali zenye baraka. Wabillahi tawfiq.